Faida ya Miaka Mingi Haijumlishwi, Huzidishwa

Hapana swali linalonijia mara nyingi kuliko hili, na mwenye kuliuliza aghalabu huwa amekwisha kulijibu kimakosa kabla ya kulitamka: "Fedha zangu zimepata asilimia kadhaa mwaka juzi, kadhaa mwaka jana na kadhaa mwaka huu, je, nikizijumlisha si ndiyo faida yangu yote?" Jawabu ni kwamba siyo, na makala haya yameandikwa ili kuonyesha kwa nini siyo, jinsi ya kuipata faida iliyo ya kweli, na mitego inayowanasa watu wazima wenye akili zao timamu, nami nikiwa mmoja wao.

Zamani niliweka shilingi 5,000,000 katika mfuko mmoja wa uwekezaji wa pamoja, na kila mwaka ulipokwisha nikawa naandika nyuma ya jalada la daftari asilimia niliyotangaziwa: faida ya 20, faida ya 15, hasara ya 25, faida ya 10, faida ya 12. Mwisho wa mwaka wa tano nikajumlisha na kutoa, nikapata 32, nikamwahidi mama yangu kule Tanga kwamba paa la nyumba yake litaezekwa upya kwa ile 1,600,000 iliyozaliwa. Nilipokwenda kuuza vipande vyangu vya mfuko huo nikaambiwa kwamba faida ni 1,375,600. Nikahamaki, nikadai kwa sauti kuwa nimedhulumiwa 224,400. Karani aliyenipokea, binti aliyejitanda mtandio, alinisikiliza mpaka maneno yakaniishia, kisha akachukua penseli na kusema kwa upole, "Baba, hizi asilimia kila moja ina mtaji wake. Hazikukatwa katika mkate mmoja."

Maneno ya binti yule ndiyo makala haya yote. Yaliyosalia ni ufafanuzi.

Kila asilimia ina mtaji wake

Asilimia si fedha. Ni sehemu ya fedha, na sehemu haina maana mpaka ijulikane ni sehemu ya nini. Zile 20 za mwaka wa kwanza zilikatwa katika 5,000,000 nilizoweka. Zile 15 za mwaka wa pili zilikatwa katika 6,000,000, kwa kuwa faida ya kwanza ilikuwa imekwisha kuwa mtaji. Na ile hasara ya 25, ambayo mimi nilidhani imekula robo ya fedha zangu za mwanzo, yaani 1,250,000, iliufikia mfuko ukiwa umekwisha kunona hadi 6,900,000, ikaondoka na 1,725,000. Faida ya 10 ya mwaka wa nne ikaanzia 5,175,000, na ile ya 12 ikaanzia 5,692,500, hata ikafikia 6,375,600 aliyonitajia karani. Hakuna senti iliyoibwa. Kilichopotea ni hesabu yangu.

Hatua za kuifanya hesabu

Chukua karatasi, au kikokotoo cha simu, ufuate hatua hizi kwa taratibu:

1. Geuza kila asilimia iwe kizidisho. Faida ya 20 ni 1.20, faida ya 12 ni 1.12, hasara ya 25 ni 0.75, kwa sababu katika mia zimebaki 75.
2. Zidisha vizidisho vyote pamoja: 1.20 × 1.15 × 0.75 × 1.10 × 1.12 = 1.27512.
3. Toa 1. Kilichobaki, 0.27512, ndiyo faida ya miaka yote mitano, yaani asilimia 27.5, wala si 32.
4. Zidisha mtaji wako wa mwanzo kwa 1.27512 ili ujue fedha zilizopo.

Hapa msomaji makini huuliza: je, kama mwaka mbaya ungetangulia, au ungekuja mwisho, jawabu lingebadilika? Lisingebadilika, kwa kuwa mbili mara tatu na tatu mara mbili ni mamoja. Lakini hayo ni kweli kwa fedha zilizokaa bila kuguswa. Ukiongeza au ukipunguza fedha katikati ya safari, kila fungu lifanyie hesabu yake tangu siku lilipoingia, maana shilingi iliyoingia baada ya hasara haikuionja hasara hiyo.

Njia fupi kwa wenye vipande

Mwenye vipande hana haja ya kukumbuka asilimia za kila mwaka. Faida za miaka yote, pamoja na hasara zake, zimekwisha kujikusanya ndani ya thamani ya kipande, maadamu mfuko wenyewe haukutoa gawio. Gawanya thamani ya leo kwa thamani ya siku uliponunua. Tuseme miaka mitano iliyopita ulinunua kwa shilingi 250 na leo kipande ni shilingi 430: 430 ÷ 250 = 1.72, basi umepata asilimia 72.

Wastani wa kweli wa mwaka

Kosa la pili huzaliwa hapo hapo. Mtu akiona 72 kwa miaka mitano hugawanya kwa tano, akapata 14.4, akaanza kujigamba barazani. Jaribu kinyume chake: shilingi inayokua kwa 14.4 kila mwaka haiishii 1.72 baada ya miaka mitano, bali huipita mbali. Wastani wa kweli ni ile asilimia moja ambayo, ikirudiwa kila mwaka bila kubadilika, ingekufikisha pale pale ulipofika.

Mwenye simu yenye kikokotoo cha kisayansi na aipandishe 1.72 kwa kipeo cha 0.2, yaani moja kwa tano. Asiyekuwa nacho na abahatishe, kisha asahihishe:

- Jaribu 1.11 mara tano: 1.11 × 1.11 × 1.11 × 1.11 × 1.11 = 1.685. Imepungua.
- Jaribu 1.12 mara tano: 1.762. Imezidi.
- Basi jawabu lipo katikati, karibu na asilimia 11.5.

Kwa kipimo hicho hicho, ile miaka yangu mitano, ambayo kwa kujumlisha na kugawanya ingeonekana imeleta 6.4 kila mwaka, kwa hakika ilileta pungufu kidogo ya 5. Kila mara asilimia zinapopanda na kushuka, wastani wa kujumlisha hukutia moyo kuliko inavyostahili, na kadiri mawimbi yanavyokuwa makubwa ndivyo uongo wake unavyozidi.

Hasara huvuta kwa nguvu kuliko faida

Ikiwa hujaamini, tazama faida unayohitaji ili urejee ulipokuwa baada ya kupoteza:

- Ukipoteza asilimia 10, wahitaji 11.1.
- Ukipoteza 20, wahitaji 25.
- Ukipoteza 25, wahitaji 33.3.
- Ukipoteza 50, wahitaji 100.

Kwa hiyo mwenye kupata 50 mwaka huu na kupoteza 50 mwaka ujao hajatoka sare. Amebaki na robo tatu ya fedha zake. Sikwambii haya ili uogope kila chombo cha uwekezaji chenye kupanda na kushuka, bali usikitathmini kwa mwaka wake mmoja ulio mzuri.

Faida inapozaa faida

Sasa tugeukie upande wa kheri, kwa kuwa kuzidisha huku huku kulikoninyima 224,400 ndiko kunakotajirisha mwenye subira. Weka shilingi 1,000,000 mahali panapotoa asilimia 12 kila mwaka, na faida isichumwe:

- Baada ya mwaka 1: 1,120,000
- Baada ya miaka 5: 1,762,342
- Baada ya miaka 10: 3,105,848
- Baada ya miaka 15: 5,473,566
- Baada ya miaka 20: 9,646,293

Angalia tofauti zilizomo kati ya mistari. Mwaka wa kwanza ulizaa 120,000. Mwaka wa kumi peke yake huzaa 332,769. Na mwaka wa ishirini peke yake huzaa 1,033,531, yaani mwaka mmoja umeleta zaidi ya mtaji wote ulioanza nao. Ni mfano wa mnazi: miaka ya mwanzo mwenye shamba hupalilia asione kitu, na jirani humcheka kwa kuacha ardhi bila kupanda muhogo. Wengi hutoa fedha zao katika mwaka wa nne au wa tano, wakisema "haziendi", ilhali minazi yao ndiyo kwanza inakaribia kuzaa.

Ukitaka kukadiria kwa kichwa, gawanya 72 kwa asilimia ya mwaka, utapata miaka ya fedha kujizidisha mara mbili. Kwa asilimia 6 ni miaka 12. Kwa 9 ni miaka 8. Kwa 12 ni miaka 6. Kanuni hii si ya jana, kwani Luca Pacioli, mwanahesabu wa Italia, aliitaja katika kitabu chake kilichopigwa chapa Venice mwaka 1494. Ni makadirio tu, na hupungukiwa na usahihi asilimia zinapokuwa kubwa sana.

Makosa matano yanayokata mnyororo wa faida

1. Kudhani kwamba hatifungani hujizidisha yenyewe. Hili ndilo kosa kubwa kupita yote kati ya wasomaji wangu. Hatifungani ya serikali, iwe ya Tanzania au ya Kenya, hulipa kuponi, yaani riba yake, kila miezi sita katika akaunti yako, na mwishoni, inapoiva, hurudisha mtaji ule ule. Ukiweka 1,000,000 kwa asilimia 12 kwa miaka 20, ukawa unakula kuponi, utakuwa umepokea 2,400,000 za kuponi na 1,000,000 za mtaji, jumla 3,400,000. Zile 9,646,293 za juu ni za aliyeirudisha faida yake kazini kila mwaka kwa kiwango hicho hicho. Na kwa kuwa kuponi ndogo haitoshi kununua hatifungani nyingine, itafutie mfuko wa vipande unaopokea fedha kidogo kidogo, nawe ujue kwamba kiwango utakachokipata huko chaweza kuwa kingine.

2. Kuchagua mfuko usiolingana na nia. Kati ya mifuko ya vipande ya UTT AMIS nchini Tanzania, kwa mfano, Mfuko wa Jikimu umekusudiwa wenye kutaka gawio la matumizi, ilhali katika Mfuko wa Umoja, ulioanza mwaka 2005, faida hubaki ndani ya thamani ya kipande. Mstaafu anayetaka chakula asilaumiwe kwa kuchagua gawio; kijana wa miaka 25 ajiulize kwa nini anachuma maua.

3. Kuvunja kikoba na kuvunja pia mtaji. Siku ya kuvunja kikoba ni siku ya furaha, pilau na vitenge, lakini kikundi kinachogawana kila kitu kila mwaka huanza upya kila mwaka. Afadhali mtenge mapema sehemu isiyogawanywa, au kila mwanachama apeleke walau nusu ya mgao wake mahali pa miaka mingi kabla haujafika nyumbani.

4. Kudharau ada na kodi. Asilimia mbili huonekana ni kitu duni, lakini kwa miaka 20 ile 1,000,000 inayokua kwa 10 badala ya 12 huishia 6,727,500, pungufu ya 2,918,793. Wewe umekatwa mbili tu kwa mwaka, lakini mwisho wa safari umekosa karibu thuluthi. Kenya, mwenye kupata riba ya asilimia 12 katika mfuko wa soko la fedha hukatwa kodi ya asilimia 15 ya riba hiyo, akabaki na 10.2, na hiyo 10.2 ndiyo ya kuingiza katika kizidisho.

5. Kusahau mfumuko wa bei. Hapa pia watu hutoa, badala ya kugawanya. Ikiwa faida ni 12 na bei zimepanda kwa 5, faida halisi si 7, bali 1.12 ÷ 1.05 = 1.0667, yaani 6.67. Kwa miaka 20 zile 9,646,293 zitanunua kiasi ambacho takriban 3,635,600 hununua leo. Bado ni neema, lakini usipange harusi ya mwanao kwa tarakimu ya kwanza.

Shaka za wasomaji

"Mimi sina milioni." Huhitaji. Wachukue ndugu wawili, kila mmoja akiwa na uwezo wa kuweka 600,000 kwa mwaka, ambazo ni 50,000 kwa mwezi. Dada anaanza leo, anaweka mwishoni mwa kila mwaka kwa miaka kumi, kisha anaacha asiongeze kitu, asichukue kitu. Kaka anangoja miaka kumi imalizike, ndipo anaanza, naye anaweka kwa miaka kumi. Kila mmoja ametoa mfukoni 6,000,000. Kwa asilimia 12, mwishoni mwa mwaka wa ishirini kaka ana takriban 10,529,000, na dada ana takriban 32,702,000. Dada hakuwa na akili zaidi wala mshahara zaidi.

"Nimekwisha kuchelewa." Mwenye miaka 50 ana miaka kumi kabla ya 60, na miaka kumi kwa asilimia 12 huzidisha mtaji mara tatu na zaidi. Umechelewa kwa jambo moja tu: huna tena wasaa wa kufidia hasara kubwa, kwa hiyo punguza vyombo vinavyopanda na kushuka kwa ghafla.

"Riba ni haramu kwetu." Sitii neno katika fat'wa, na mwenye shaka amwendee mwanachuoni anayemwamini. Ninachosema ni kwamba kuzidisha hakukufungwa na riba. Gawio la hisa lililonunua hisa nyingine, kodi ya chumba iliyojenga chumba cha pili, faida ya sukuk (hatifungani ya kisharia) iliyorudishwa katika biashara halali, na hata mbuzi jike aliyezaa mbuzi jike, vyote hufuata hesabu hii hii.

"Nani anihakikishie asilimia 12?" Hakuna. Nimeitumia kwa kuwa hesabu zake ni nyepesi. Wewe weka asilimia za chombo chako, na kwa kupanga mambo ya mbeleni tumia iliyo ya chini kuliko unayoitumaini.

Hadhari mbili

Ya kwanza ni ya walaghai. Akija mtu kukuahidi kwamba fedha zako zitakuwa maradufu kila miezi mitatu, usibishane naye, mzidishie. Katika mwaka mmoja 1,000,000 yako itakuwa 16,000,000. Katika miaka miwili, 256,000,000. Na katika miaka mitano itapita shilingi trilioni moja. Biashara inayoweza kufanya hivyo haina haja ya milioni yako. Tanzania haijaisahau taasisi ya upatu ya DECI, iliyowaita watu waje "kupanda mbegu" mpaka serikali ilipoizuia mwaka 2009, na waliolia zaidi ni wale waliochelewa kupanda.

Ya pili ni ya deni, kwa kuwa kuzidisha hakuchagui upande. Mikopo ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu, ukiichukua kwa asilimia 10 kwa mwezi na ukawa hulipi kitu, haiishii asilimia 120 kwa mwaka kama wengi wanavyodhani. Hufika 213.8, kwa maana kila 100,000 hugeuka 313,843. Mwenye deni la namna hiyo asitafute mfuko wa vipande. Kulilipa ndiko uwekezaji wake wenye faida kupita mwingine wowote.

La kufanya juma hili

Fungua daftari, na katika ukurasa mmoja uchore safu nne:

- Mwaka
- Fedha zilizokuwapo mwanzo wa mwaka
- Kizidisho cha mwaka, baada ya ada na kodi
- Fedha zilizopo mwisho wa mwaka

Kisha shika sharti moja: tarakimu ya safu ya nne ndiyo inayoandikwa katika safu ya pili ya mwaka unaofuata, pasipo kuichukua kichwani wala nyuma ya jalada. Ukichuma faida, andika ulichochuma, ili safu ya nne ikuonyeshe jinsi fedha zilivyopungua.

Mimi nilianza daftari la namna hiyo siku ile ile, kwa penseli niliyopewa na binti yule. Paa la mama liliezekwa upande wa mbele kwa zile 1,375,600, na kibaraza cha uani kikabaki na makuti yake ya zamani mwaka mwingine mzima. Kila mvua iliponyesha mama alitwaa beseni, akaliweka pale panapovuja, akaniuliza nimejumlisha nini tena.